Uduvi Usioandikwa Kwenye Chupa

Basi ule uzi, Zuhura, bwana afya akaukata. Katoa kijimkasi mfukoni, cha kukatia kucha, kaukata uzi wangu mwekundu shingoni mwa chupa, kisha kaniwekea kiganjani kama mtu anayekurejeshea jino lako. "Bibi," kanambia, "uzi si maandishi." Weye umesimama mlangoni na sare ya skuli, mfuko wa vitabu hujautua, ukacheka. Nlikusikia. Hukucheka kwa ubaya. Yule bwana afya alikuwa mrefu na jiko letu fupi, kila akisema neno kichwa kinagonga ungo ulotundikwa, na ungo nao unammwagia pumba begani. Lakini mie moyoni nkasema, haya, na mwanangu naye yuko upande wa huyu mtu. Nnaanzia hapo kwa sababu pahala pengine pa kuanzia sipaoni.

Andika, Rukia. Andika yote, hata la ungo. Usinichagulie.

Anayeandika ni Bi Rukia, jirani yetu wa mlango wa pili. Utamjua kwa herufi zake, kubwa kubwa kama maandazi. Mwalimu wa skuli angeniandikia upesi na vizuri zaidi, nlimfikiria, lakini nimemtaka Rukia, na sababu yake itakuja, naye mwenyewe haijui bado. Weye umekwenda Amani kumuaga mama'ko mdogo, umesema baada ya alasiri utakuwa ushafika. Kesho asubuhi boti. Kwa hivyo nna muda wa kuivisha chungu kimoja tu, na nshainuka mara tatu tangu tukae: mara kutazama sanduku lako kama limefungwa, mara kugeuza ndimu juani, mara ya tatu sijui nlifuata nini, nlifika uani nkasimama, nkarudi. Rukia kanuna. Anasema barua haiandikwi kwa mtu anayezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi, nimekaa.

Mambo ya kufua, kula, kujihadhari na watu wa bara na mvua za bara, sikwambii. Shangazi yako wa Dar es Salaam ana mdomo, atakwambia mpaka uchoke. Mie nna neno langu moja, na kulifikia lazima nipite kwenye nyuzi.

Ulizaliwa ukazikuta. Mwekundu ni achari kali, ya wanaume wanaopenda kutoka jasho. Mweupe ni ya watoto na mtu alotoka homani. Mweusi ni ya embe. Hakuna mtu mtaani alokuwa akiuliza. Hata kipofu wa msikitini alikuwa akipapasa fundo: mwekundu nafunga fundo moja, mweupe mawili, mweusi matatu, na anakwambia, "Bi Mize, leo umenipa ya watoto, unanionaje?" Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yangu. Nlijifunza kwa marehemu mama, huko Jambiani, alokuwa akiuza ndani ya vibuyu, nae alifunga vitambaa.

Halafu ikaja ile neema ya chupa. Baada ya Mapinduzi watu wengi walihama Mjini, na makabatini mwao zilibaki chupa, Zuhura, chupa nene za vioo, zina vifuniko vya kusokota, za jamu na vitu vya Ulaya. Wageni walohamia humo hawakuzijua kazi yake, wakawa wananipa kwa kikapu. Nyengine zilikuwa na karatasi zake za zamani, zina picha ya tunda jekundu lenye vidoti, mie sikupata kulila wala kuliona. Nkaziacha zile picha, nzuri zile. Nkatia achari ya ndimu, nkafunga uzi, nkampelekea mwenye duka wa Darajani. Kumbe! Kaja mama mmoja pale dukani anapiga kelele, kampakia mwanawe kwenye mkate, mtoto karuka. "Hii ndiyo jamu?" Mwenye duka anamwambia, "Mama, huoni uzi?" "Uzi wa nini? Mimi nasoma karatasi!"

Hapo ndipo bwana afya alipoletwa kwetu. Nawe unayajua alosema, kwa kuwa weye ndiye ulokuwa ukiandika. Karatasi ya zamani ilowekwe itoke yote. Ibandikwe mpya. Iandikwe jina la chakula, nani kakipika na wapi, siku kilotiwa chupani, na vyote vilivyomo, kianze kilicho kingi kimalizie kilicho kidogo. "Vyote," kasema. "Hata kikiwa ni cha ncha ya kidole." Na wino usiotoka kwa maji.

Lo, tulivyohangaika na gundi! Ya unga wa ngano ilikuja ikaliwa na mende. Nakumbuka asubuhi ile umeamka unakwenda kabatini, chupa zote uchi, mende wamekula karatasi wakabakisha vipembe, ukalia kweli kweli, maana ilikuwa kazi yako ya Ijumaa nzima. Nkatia shubiri ndani ya gundi. Mende wakakoma, na vidole vyako ukivilamba chungu mwezi mzima. Tulicheka siku zile. Usiseme hatukucheka.

Rukia anasema nnazunguka tena, ati nimekaa lakini maneno yangu bado yanatembea. Kweli. Nnaogopa, Rukia, ndiyo maana.

Haya. Siku ya karatasi ya mwanzo. Mie niko mbele ya jiko, kitunguu thomu kimo mafutani, moshi unanitoa machozi. Weye uko chini kwenye jamvi, miguu umeikunja, daftari umelikata vipande. "Sema, mama." Nkasema: ndimu. Chumvi. Siki. Mafuta ya simsim. Pilipili. Thomu. Hardali. Uwatu. Ukaandika. Ukanisomea. Ukaniuliza, "Basi, mama? Hakuna jengine?"

Nkasema, "Basi."

Zuhura mwanangu, lilikuwako jengine.

Uduvi. Vile vikamba vidogo vidogo vya pwani, vyekundu vikikauka, ambavyo kina mama wa kwetu huingia maji ya kiuno wakavitanda kwa kanga kama kwa wavu. Nlikuwa nikivikausha kikaangoni, nikavitwanga vikawa vumbi, nikatia kijiko kwenye chungu kizima. Kijiko kimoja. Ndicho kilichokuwa kikiwafanya watu walambe vidole wasijue wanalamba nini. Ukitoka kwenda skuli ndipo nlipokuwa nikitwanga, na ukirudi ukiuliza harufu ya nini, nakwambia uwatu umeungua. Hata weye hukujua. Hata marehemu baba'ko, kala miaka yote hakujua. Mama aliponipa siri ile kanishika sikio, kanambia, usimpe mtu mpaka uwe kitandani mwa kufia.

Na Bi Tatu wa Kikwajuni, yule mpika achari mwenzangu, alikuwa akituma watu wanunue chupa yangu, anaichuja kwa kitambaa apate kujua. Nlimjua. Sasa anakuja bwana, ananitaka niandike siri yangu nje ya chupa, Bi Tatu aisome akiwa amesimama dukani bila hata kuinunua! Kila mwenye macho ajue kilichomo ndani ya chungu changu, na mie mwenyewe karatasi yangu nkipewa siwezi kuisoma, naishika juu chini. Hilo liliniuma, Zuhura. Nnakwambia lilivyokuwa, sikwambii lilikuwa sawa. Nkasema kijiko kimoja ni nini? Nani atakufa kwa kijiko?

Rukia kasimamisha kalamu.

Andika, shoga. Bado. Usinitazame hivyo, andika kwanza, utanitazama baadae.

Kulikuwa na uzi wa nne, Zuhura. Wa buluu. Huu hukuujua sana kwa kuwa chupa zake zilikuwa chache, na karibu zote zilivuka mlango wa pili tu. Miaka mingi nyuma, kabla hujazaliwa, Rukia kala wali wa kamba arusini Makunduchi, uso ukamvimba mpaka macho yakapotea. Kanihadithia tukipeta mchele. Tangu siku hiyo nkawa nampikia yake mbali, haina uduvi, nafunga buluu. Akiniuliza mbona yake peke yake, namwambia, "Tumbo lako bovu, hii nimekupunguzia pilipili." Akanishukuru. Kila mara akanishukuru.

Bwana afya alipozikata nyuzi, chupa zote zikawa sura moja.

Na Rukia mwaka ule alikuwa kaingia darasa la watu wazima. Ulimwona weye, na buibui lake na ubao wake, anatembea katikati ya njia kama bibi arusi. Aliniita niende naye, si mara moja. Nkasema macho yangu. Macho yangu mazima, Zuhura, naona kokwa ya ndimu ikianguka mchangani. Nlikuwa naogopa kukaa mbele ya kijana nimpe jibu la makosa.

Siku ya kumaliza darasa wakapika wali, kila mtu kaleta kitu, mmoja kapita Darajani kanunua chupa ya achari. Yangu. Yetu. Ina mkono wako mzuri wa wino wa buluu. Mwalimu akaishika juu, kasema, "Nani atatusomea hii?" Rukia akasimama. Hadithi hii nimeisikia kwa watu wanane na wote wanaisimulia vile vile. Kasoma herufi kwa herufi. A-cha-ri ya ndi-mu. Vi-li-vyo-mo. Kasoma mpaka uwatu, wakampigia makofi, mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Na kwa kuwa kasoma mwenyewe, na hakukuta kitu cha kumdhuru, kapakua. Hakuna alomlazimisha. Karatasi ilimwambia kula, naye ndiyo kwanza siku hiyo karatasi imesema naye.

Sahani hazijakoshwa, koo likafunga.

Nlikwenda spitali nkamkuta kalala, midomo imevimba hivi, pumzi zinapiga filimbi. Alikuwa hawezi kusema. Akachukua kalamu ya muuguzi, akaandika kitu kwenye kikaratasi, akanipa, akanitazama. Anasubiri. Na mie, Zuhura, mbele ya wagonjwa wote, badala ya kusema sijui kusoma, ilhali anajua sijui, maskini alikuwa kachanganyikiwa, nkakitazama kile kikaratasi, nkatikisa kichwa. Ndiyo. Nkatikisa, ndiyo, ndiyo, nkamfunika shuka. Akageukia ukutani.

Nnacho. Kimo kwenye kasha la dhahabu ambalo halina dhahabu. Ngoja nikilete.

Haya, nimekileta. Rukia, kisome. Miaka mitatu sikumpa mtu akisome.

Kasema kimeandikwa: "Nilisoma vibaya?"

Alikuwa akiniuliza kama kasoma vibaya. Nami nkamjibu ndiyo.

Rukia kaweka kalamu chini. Kaniuliza, "Kwa hivyo ulijua?" Nkamwambia najua tangu pale kitandani, najua kilichokuvimbisha ni kijiko changu. Kanambia, "Mwezi mzima sikugusa kitabu, Mize. Mwezi mzima. Mwalimu kaja mpaka barazani, nkamwambia kichwa changu kizee hakishiki herufi. Mpaka bwana afya alipokuja kusema si msomaji, ni mwandishi aloruka neno." Nkamwambia hilo nalo linakuja. Kanambia, "Mize, una mangapi?" Kainuka. Nkadhani kakwenda zake. Kakwenda mtungini, kanywa maji, karudi, kakaa. Kasema, "Sema. Ntaandika. Lakini si kwa ajili yako."

Sasa hilo la mwandishi. Hilo ndilo lako.

Bwana afya alirudi na ile chupa. Safari hii hakugonga ungo, kainama vizuri. Kasema achari imepimwa, ina kitu cha baharini, na karatasi haikusema. "Nani kaandika?" Weye ulikuwa unachambua mchele. Mie ulimi ukanitangulia. Nkasema, "Mie sijui kusoma wala kuandika, bwana. Mtoto ndiye. Nlimwambia uduvi, labda karuka."

Ukainua uso. Ukaniambia pole pole, "Mama, hukusema uduvi."

Na mie nkakutazama machoni, mwanangu, nkakwambia: "Nlisema. Baina ya thomu na hardali. Weye ulikuwa unaangalia dirishani, wenzio wanapita kwenda mpirani."

Kweli wenzio walipita siku ile. Kweli uligeuka dirishani. Ndipo uongo wangu ulipopata pa kukaa. Nlikuona ukitafuta. Ulitazama dirisha, ukatazama mikono yako, nami nkaona unavyoanza kusadiki, kama mtu anayezama taratibu, nami niko ufukweni na sinyoshi mkono. Ukasema, "Basi nimeruka, bwana. Nisamehe." Ulikuwa na miaka kumi na sita. Bwana afya kakwambia maneno makali kidogo, si mengi, kasema mwandishi lazima atulize akili, mtu angekufa. Kisha kaenda zake. Nami nkageuza maandazi.

Hukunilaumu hata siku moja. Afadhali ungenilaumu. Ulichokifanya ni kuanza kusoma kila kitu mara tatu. Karatasi za achari, barua za mjomba, hata bei za sokoni, kidole chini ya neno, midomo inatikisika. Nikikutajia vitu vya kuandika unaniuliza, "Mangapi, mama? Tisa? Nihisabie tena." Na Rukia ukimwona anakuja unavuka upande wa pili wa njia.

Rukia kacheka hapa, lakini si kicheko cha kuchekesha. Kasema: "Miaka mitatu mtoto ananipisha njia nzima, nami nasifu kwa watu, mtoto wa Mize ana adabu huyo, hapiti mbele ya mkubwa. Kumbe alikuwa akiona haya ya mamake." Kisha kasema anataka kutia mstari wake humu. Nkamwambia barua ni yangu. Kanambia kalamu ni yake.

Mie Rukia nasema kwa kauli yangu mwenyewe. Zuhura, ile karatasi yako niliisoma vizuri na wewe uliiandika vizuri. Sote wawili hatukukosa. Ukirudi kutoka bara usivuke njia tena, njoo unisalimie. Basi.

Sijui kaandika nini, kagoma kunisomea. Haidhuru.

Nlitaka kukwambia wakati ule ule, na hili nalo ni kweli. Siku ya pili yake nlikwenda kwa Rukia, alikuwa kashatoka spitali. Nlikwenda kusema. Nkakaa, nkanywa chai yake, kinywa kikakataa. Badala yake nkamwambia, "Shoga, nifundishe neno moja." Rukia anakumbuka. Kaniuliza, "Jina lako?" Nkasema, "Hapana. Nifundishe uduvi." Akashangaa, akadhani nimechanganyikiwa kwa fedheha, lakini akachukua mkaa, akaniandikia nyuma ya ungo. Herufi tano. Nkazinakili kwa mkaa mpaka ungo ukawa mweusi. Hilo ndilo neno pekee ninalolisoma duniani, Zuhura. Jina langu sijui, lako sijui. Uduvi najua.

Tangu hapo kila karatasi unayoibandika naipitia. Ulidhani nasugua chupa kwa usafi, hujui mama'ko alikuwa akisoma. Natafuta lile neno moja, nikiliona natua pumzi. Bi Tatu naye kalisoma, nae sasa anatia uduvi, na achari yake bado mbovu, kumbe siri haikuwa ile. Nlimtupa mwanangu kwa kijiko ambacho hata hakikuwa na kazi niliyokidhania.

Hata leo ningeweza kunyamaza. Watu wote washasahau, hata bwana afya kahamishiwa Pemba. Lakini wiki iliyopita ilipokuja barua kwamba umepata nafasi ya kwenda kusomea kazi ya dawa, mtaa mzima ulifurahi, weye ukakaa kwenye kizingiti. Nkadhani unaogopa bahari. Ukasema, "Mama, nisende. Kule kazi ni kuandika juu ya chupa za dawa za watu. Mimi naruka maneno." Nkasema, nini? Ukasema, "Unajua mwenyewe. Naruka maneno. Ya achari Bi Rukia kapona. Ya dawa hatapona mtu."

Tangu siku hiyo sikai. Naamka nazunguka uani, ndimu nazigeuza mpaka zimechubuka. Shangazi yako katuma salamu, mjomba kakushauri, wote wanadhani ni woga wa msichana, nenda tu, utazoea. Umekubali kwenda kwa kuwa umeona haya kukataa. Lakini najua utakavyokwenda. Utakaa mbele ya chupa ya mgonjwa, kalamu mkononi, unahisabu mara tatu na huandiki, na hofu ile mie ndiye nilokutia. Mwengine atapata hofu ya kujitakia. Yako nlikupa mie, nlikupikia, nkakulisha.

Kwa hivyo sikiliza, na ukisoma barua hii urudie hapa: mkono wako haukuruka kitu. Haujapata kuruka. Ulisikia nane, ukaandika nane, ukauliza kama kuna jengine. Uliuliza, Zuhura! Mtu anayeruka haulizi. Macho yalikwenda dirishani, masikio yalibaki.

Sikuombi radhi kwa karatasi. Nlifikiri hivyo mwanzo: barua ntaificha chini ya sanduku, baina ya kanga mbili mpya, uikute ushafika bara, mie niko huku na maji ya bahari kati yetu. Ndiyo sababu sikukwambia nnaandika. Nlitaka uwe mbali ukisoma, nisikione kile ulichofanya siku ile, kutazama dirisha kisha mikono. Rukia anasema huo ni woga ule ule wa kutikisa kichwa spitali, nimeuvisha nguo nyengine tu. Rukia tangu apate hii kalamu kazidi kuwa na maneno.

Unadhani kanisamehe? Nimemuuliza sasa hivi. Kasema, "La koo langu nimelisamehe, limepona. La mwezi niliokaa bila kitabu, nitalifikiria. La mtoto usiniulize mie." Kisha kaniambia niongezee kwamba ana njaa.

Ngoja. Mlango huo. Ni weye? Ni weye, nasikia makubadhi yako. Umerudi mapema, mama'ko mdogo hakukuweka kula? Rukia, usiifiche, iache hapo hapo. Hapana, ifunike. Hapana. Iache.

Unaita. Unaita kutoka jikoni: "Mama! Ile chupa ya achari ya kwenda nayo bara nimeikosha, karatasi nimeikata. Njoo unitajie, niandike nini?"

Nasikia kwa sauti yako kwamba ushakaa chini. Kalamu ushaishika, kidole ushakiweka tayari, utanihisabisha.

"Mama! Bi Mize! Vinane au tisa?"

Naam! Naam, mwanangu, nnakuja. Usiandike bado, usiandike hata kimoja, nnakuja nikwambie. Vyengine utaandika weye, kimoja ntakiandika mwenyewe.

Rukia, nipe hiyo kalamu.